Ofisi yataka nirudi Dar kila siku, na mimi nakaa Bagamoyo

Assalaam aleikum washauri wetu,

Mimi ni mhasibu, nakaa Nianjema hapa Bagamoyo. Kampuni yangu inauza vifaa vya ujenzi na ofisi iko Dar es Salaam, mjini kati. Nimetimiza miaka minane kwenye ajira hiyo. Mwaka 2021 kampuni iliachia nusu ya ofisi ili kupunguza kodi ya pango, na meneja wa wakati ule akatuambia watu wa hesabu tufanyie kazi nyumbani. Nikahama chumba nilichopanga Mbezi nikarudi kwa mama. Mama ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Macho yake hayaoni tena mistari ya bomba la sindano, kwa hiyo mimi ndiye ninayempimia.

Sasa ameingia meneja mpya. Ametuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwamba kuanzia tarehe 1 Julai kila mtu awe mezani kwake saa 2 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilimpigia akanisikiliza, sitamsingizia, ila ana mambo matatu. La kwanza, mwezi wa pili umeme ulikatika kwetu tarehe 20, ritani ya VAT ikachelewa. La pili, bahasha ya risiti niliyotumiwa kwa mkono wa kondakta ilipotea siku nne, na ilipopatikana risiti nyingine zilikuwa zimefifia hazisomeki. La tatu, kuna karani mpya ambaye hana wa kumwelekeza.

Nimejaribu safari siku mbili. Natoka nyumbani saa 10:45 alfajiri na kufika ofisini saa 1:15. Jioni natoka saa 11 na kufika nyumbani saa 2 usiku. Bodaboda hadi stendi, basi hadi Makumbusho, daladala ya kuingia mjini, na kurudi vilevile, ni kama shilingi 9,000 kwa siku.

Mwenzangu mmoja anasema niende moja kwa moja CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Mume wangu, aliye kikazi Mtwara, anasema niache kazi nifungue ofisi yangu ya kutunza hesabu. Makubaliano ya 2021 yalikuwa ya mdomo. Je, wanaweza kunilazimisha? Na kama naweza kuomba, niombeje nisikike?

Mhasibu wa Nianjema

Majibu

Waaleikum salaam dada yetu, na mpe mama pole.

Kabla ya kumjibu meneja chochote, toa mkataba wako kwenye faili usome palipoandikwa mahali pa kazi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali pa kazi pamo katika maelezo hayo. Kifungu hichohicho kinasema jambo mojawapo likibadilika, mwajiri ashauriane nawe, arekebishe maelezo na akutaarifu kwa maandishi. Kama mkataba unasema "Dar es Salaam" na hakuna karatasi nyingine, msimamo wa meneja una nguvu. Kukuita ofisini ni kukurudisha pale pale mlipoandikiana, na hakuna kifungu kinachompa mfanyakazi haki ya kujichagulia nyumbani.

Hata hivyo, usiseme haraka kwamba makubaliano ya 2021 yalikuwa ya mdomo tu. Fungua barua pepe za mwaka ule, utafute maneno kama "nyumbani", "Bagamoyo", "ruta", "bando". Mara nyingi ruhusa ya mdomo inaacha alama. Inaweza kuwa barua pepe ya kukukabidhi kompyuta mpakato, fomu ya malipo ya bando la kila mwezi, au ratiba ya vikao vya mtandaoni. Mkusanyiko huo unaonyesha kuwa kwa miaka yote hiyo mwajiri alijua unafanyia wapi kazi na alikulipia uifanyie huko. Ihifadhi nje ya akaunti ya ofisi, lakini chukua zile zinazohusu ajira yako tu. Usitoe mahesabu ya kampuni wala orodha ya mishahara ya wenzako, maana hilo litageuka kosa lako.

Jambo la pili, na hapa tunakuomba sana utusikilize: ikifika tarehe 1 Julai hamjakubaliana, nenda ofisini. Usibaki nyumbani ukisubiri jibu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Wengi wenye hoja nzuri wamejiharibia hapo. Mfanyakazi aliye mezani kwake anaomba jambo. Akibaki nyumbani, mazungumzo yanahama kutoka kwenye ombi lake yanakwenda kwenye utoro wake.

Sasa tuje kwa meneja. Malalamiko yake matatu ni ya kweli, na heri yako kwamba ni ya kweli, kwa sababu yana dawa. Meneja anayesema tu "nataka kuwaona" ni mgumu kuliko huyu. Ombi lako lijengwe juu ya malalamiko hayo moja baada ya jingine, na shida ya foleni ije mwisho. Ugonjwa wa mama uutaje kwa sentensi moja tu. Akilisoma aone kazi yake imelindwa kwanza.

Anza na risiti, maana hapo ndipo palipoumiza. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, huchapwa kwenye karatasi inayogeuka rangi kwa joto, haina wino. Ukiiweka juu ya dashibodi ya basi kutoka Makumbusho mpaka Bagamoyo jua likiwa kali, inaiva. Ukiikandika plastiki kwa mashine ya moto inakuwa nyeusi yote, na ukiihifadhi kwenye vile vifuko laini vya plastiki maandishi hufifia taratibu. Kwa hiyo risiti halisi zisitoke ofisini tena, hata moja. Karani azipige skana siku ileile zinapoingia, kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, kila risiti na faili lake la PDF, jina lianze na tarehe, kisha bidhaa, kisha kiasi: 2-6_saruji_1180000. Za karatasi zikae kwenye boksi faili la mwezi husika, sehemu yenye kivuli. Wewe ukiona namba haisomeki, chini ya risiti kuna namba ya uhakiki ambayo unaiingiza kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, risiti inatokea nzima. Kazi hiyo kwa kampuni ya kawaida haimchukui karani hata nusu saa kwa siku, na inamfundisha kuisoma risiti.

Malalamiko ya tarehe: ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ni tarehe 7. Kosa la mwezi wa pili halikuwa la TANESCO peke yake. Mhasibu anayewasilisha tarehe 20 yenyewe ameshajiachia bila akiba, awe Bagamoyo au mjini kati. Jiwekee kwamba mwisho wako ni tarehe 18 na tarehe 5, na uyaandike hayo kwenye ombi kama ahadi. Tarehe 5 au 18 ikiangukia wikiendi, maliza Ijumaa iliyotangulia.

Kutokana na tarehe hizo ratiba inajipanga yenyewe. Siku tatu za kwanza za kazi katika mwezi uwe ofisini: kufunga mwezi, kulinganisha hesabu ya stoo na vitabu, kupata sahihi za mishahara na benki. Wiki ya pili, siku moja ya kukaa na karani. Wiki ya tatu, siku mbili mfululizo kabla ya tarehe 18 kwa ajili ya VAT. Wiki ya nne, siku moja tena ya karani. Hizo ni siku 7. Ongeza ya 8 ambayo meneja ataichagua mwenyewe kila mwezi kwa taarifa ya siku moja kabla. Siku hiyo ya nane ina thamani kubwa kwake, maana inamwonyesha kwamba akikuhitaji anakupata. Siku za karani usiziweke Jumatatu wala Ijumaa. Hata kama nia yako ni njema, mtu atahisi unarefusha wikiendi. Jumanne au Jumatano inafaa.

Kwa hesabu zako, siku 22 za safari ni shilingi 198,000 na saa 121 barabarani kwa mwezi. Wiki ya kazi kisheria haizidi saa 45, kwa hiyo barabara inakula zaidi ya wiki mbili na nusu za kazi, na muda huo haulipwi kwa sababu safari ya kwenda kazini haihesabiwi kuwa kazi. Siku 8 ni shilingi 72,000 na saa 44. Weka tarakimu hizo kwenye ombi kwa mstari mmoja, bila kulalamika.

Kuna jambo jingine dogo umelitaja bila kulitilia maanani: unafika saa 1:15 na kazi inaanza saa 2. Dakika 45 hizo zinapotea kila siku. Omba siku zako za ofisini zianze saa 1:15 na kuisha saa 10:15 jioni. Saa za kazi ni zilezile, ila unaondoka mjini kabla watu wote hawajamwagika barabarani, na huenda ukamwahi mama kwa sindano ya jioni.

Umeme na intaneti ndiyo sehemu ambayo watu huahidi maneno tu, "nitajitahidi", na meneja haamini. Wewe mpe vipimo. Kompyuta mpakato hula wastani wa wati 30, ruta 10, taa moja 5. Jumla 45. Betri ya jeli ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula sehemu yake, ubaki na 500 hivi. Gawanya kwa 45 unapata saa 10 na zaidi, yaani siku nzima ya kazi umeme ukiwa haupo. Inveta ya wati 300 inatosha, ila chukua ya wimbi safi la sine, maana za bei rahisi huunguruma na kuchosha chaja ya kompyuta. Kati ya betri na inveta weka fyuzi ya ampea 40, karibu kabisa na betri, na waya mnene wa milimita 10 za mraba usiozidi mita moja. Fyuzi hiyo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayozuia moto waya zikigusana. Chaja ya ampea 10 italijaza pengo hilo kwa saa 7 au 8. Usikubali kuuziwa betri ya gari. Ile imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiitumia kwa kunyonya polepole mpaka nusu kila wiki, inakufa ndani ya miezi.

Na kwa kuwa mko Bagamoyo, upepo wa bahari una chumvi. Vichwa vya betri vitaota ukoko wa kijani na mweupe, umeme upite kwa shida, uanze kudhani betri imekufa. Kila mwezi zima inveta, legeza vibano, sugua kwa brashi kavu, kaza tena kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Dakika kumi tu.

Kama fedha ya inveta haijapatikana, anza na UPS ndogo (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ya ruta pekee, kwa sababu kompyuta ina betri yake. Soma kwanza kibandiko kilicho chini ya ruta. Nyingine ni za volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na plagi zinaweza kufanana kabisa. Ukichomeka 12 kwenye ya 9 umeiua.

Kwa intaneti uwe na laini mbili za kampuni tofauti, kwani mnara mmoja ukizimika zote za kampuni hiyo zinazimika. Pima kasi kwa wiki nzima saa 3 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, ukiandika kasi ya kupandisha na si ya kushusha tu, kwa kuwa ya kupandisha ndiyo inayokwamisha vikao. Kikao cha video kinaweza kula GB moja kwa saa. Laini ikiyumba zima picha ubaki na sauti.

Hapa pana kosa la kiufundi linaloharibu hesabu za watu. Kama programu yenu ya uhasibu inaweka faili lake kwenye kompyuta ya ofisini, usilifungue faili hilo moja kwa moja kupitia VPN, yaani njia ya siri ya mtandao inayokuunganisha na ofisi. Laini ikikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika na mkapoteza miamala ya siku. Ingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa mbali uifanyie kazi kulekule, yaani kwako ije picha ya skrini tu. Ukikatika, kazi inakusubiri ilipo. Mwombe fundi wenu mambo mawili: kompyuta hiyo iwe na UPS, na iwekwe ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Wasiofanya hivyo hujikuta wana umeme Bagamoyo, ofisini wamekatiwa dakika tano, na kompyuta imebaki imezima mpaka mtu wa kuiwasha apatikane. Mishahara ya watu pia ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, kwa hiyo kompyuta ya kazi iwe na neno la siri na watoto wasiiguse.

Sasa barua. Iwe ukurasa mmoja, kwa mtindo huu:

"YAH: OMBI LA RATIBA YA KUFANYA KAZI OFISINI NA NYUMBANI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea maelekezo ya kurejea ofisini kuanzia tarehe 1 Julai na nitayatekeleza. Naomba nikubaliwe ratiba ya majaribio ya miezi mitatu, Julai hadi Septemba, ya siku 8 ofisini kila mwezi kama ilivyoambatishwa. Katika kipindi hicho PAYE na SDL zitawasilishwa kufikia tarehe 5 na VAT kufikia tarehe 18. Risiti halisi hazitatoka ofisini. Karani atakuwa nami katika siku zote 8, na siku nyingine nitampigia saa 3 asubuhi. Nikishindwa sharti lolote kati ya haya mara mbili, nitarudi ofisini siku zote bila kuongezewa taarifa. Nina mzazi mgonjwa ninayemhudumia kwa dawa asubuhi na jioni."

Sentensi ya kushindwa mara mbili iache ilivyo, usiifute kwa woga. Inampa meneja mlango wa kutokea, na mtu mwenye mlango wa kutokea hukubali upesi zaidi. Barua ipeleke mwenyewe kwa mkono, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kwenye WhatsApp usijibishane. Andika tu kwamba umepokea. Akikubali, mwombe aandike, hata mistari mitatu, mahali pa kazi, siku na kipindi. Ruhusa ya mdomo ndiyo iliyokufikisha hapa.

CMA ipo kwa ajili yako, lakini kwa sasa huna mgogoro wa kupeleka, una ombi ambalo bado halijajibiwa. Ila zijue siku zake. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60, kwa fomu namba 1 ya Tume. Ukichelewa lazima kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu.

Kuhusu kuacha kazi, mheshimiwa shemeji yetu ana nia nzuri, lakini ahesabu na hili. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwako siku 56, na hulipwa pale mwajiri anapovunja ajira. Ukijiuzulu mwenyewe hakikuhusu. Unaolipwa mshahara wa mwezi unatoa taarifa ya siku zisizopungua 28. Na kutoa huduma ya uhasibu kwa umma kunataka usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kumwakilisha mtu kama mshauri wa kodi kunataka usajili wa TRA. Anza kushughulikia usajili ukiwa bado na mshahara, na usichukue mteja anayeshindana na mwajiri wako.

Kuna sehemu moja ambayo sheria haitakusaidia. Likizo ya siku 4 ya dharura ya familia inahusu kuugua au kufiwa na mtoto, na kifo cha mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Kuugua kwa mzazi hakumo. Siku za mama utazikata kwenye likizo yako ya mwaka ya siku 28. Kwa hiyo, kabla ya Julai, mpeleke mtu wa pili wa nyumbani kliniki ya kisukari afundishwe na muuguzi kupima dozi na kuchoma, achome mbele yako wiki mbili, na waulize huko kama kalamu ya insulini inaweza kumfaa mama badala ya bomba. Hata ratiba ya siku 8 ikikubaliwa, kuna alfajiri nane kila mwezi ambazo saa 10:45 utakuwa umeshatoka.